Ufa mwembamba kwenye mpini wa mbao: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yetu hapa Keko, Dar es Salaam, ni mipini: visu vya jikoni, visu vya samaki, mapanga, patasi za maseremala. Wateja huuliza yaleyale, na majibu ya harakaharaka pale mlangoni hayamtoshi mtu anayetaka kuokoa kisu chake. Kwa hiyo tumeyaandika kwa kirefu. Tunachozungumzia ni ule ufa mwembamba kama unywele, ambao mara nyingi ukucha huugundua kabla ya jicho. Mpini uliokatika vipande viwili ni habari nyingine.

Nitajuaje kama ni ufa kweli au ni mkwaruzo tu?

Chukua pamba yenye spiriti, futa mpini wote, kisha usiondoe macho. Spiriti iliyo juu ya mbao inakauka upesi. Ile iliyoingia ndani ya ufa inachelewa, na kwa muda mfupi utaona mstari mweusi umebaki peke yake ukionyesha ufa unaanzia wapi na unaishia wapi. Mkwaruzo hukauka sambamba na mbao iliyouzunguka.

Baada ya hapo funga makali kwa boksi na selotepu, shika mpini kwa mikono miwili karibu na dirisha na uupinde kidogo sana. Mstari ukifunguka na kujifunga, ufa umezama. Geuza uangalie upande wa pili na kichwa cha mpini. Ufa unaofuata nyuzi za mbao unatibika vizuri. Unaokata nyuzi kwa mshazari una hatari zaidi, kwa sababu hapo kinachobeba nguvu ya mkono wako ni gundi peke yake.

Mbona umepasuka na kisu hakijawahi kudondoka?

Hili ndilo swali tunalolipenda, na ndilo wengi hawaulizi. Wanataka gundi tu. Ukiziba ufa bila kujua kilichouleta, mbao itapasuka tena, pengine pembeni tu ya pale ulipoziba.

Mbao haiachi kucheza. Inanyonya unyevu inavimba, inakauka inanywea. Tena haichezi sawa kila upande: kwa urefu wa nyuzi haisogei hata asilimia 1, lakini kwa upana inasogea kwa asilimia kadhaa tangu ubichi hadi ukavu. Ndani ya mpini kuna ulimi wa chuma, na chuma hakivimbi kwa masika wala hakinywei kwa kaskazi. Riveti zimeibana mbao juu ya chuma hicho. Mbao ikitaka kusogea na riveti zikikataa, inaachia pale ilipo dhaifu, yaani kwenye tundu la riveti, na ufa unatembea kufuata nyuzi.

Hapo ongeza mazoea ya majumbani. Kisu kinalala ndani ya beseni la vyombo usiku kucha, asubuhi kinaanikwa juani ukutani, mchana kinawekwa pembeni ya jiko la mkaa upande mmoja ukipata joto. Hakuna mbao inayovumilia hayo kwa miaka.

Chanzo cha pili ni kutu, na hapa mjini kina nguvu kwa sababu ya hewa ya bahari na chumvi. Kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichooza kuizalisha. Tuliwahi kufungua kisu cha mpasuaji samaki wa Feri kilichokuwa na ufa mmoja tu, mfupi, kwenye riveti ya nyuma. Tulipokichokoa kile kibao, yaani mbao ya upande mmoja wa mpini, kikatoka na magamba ya kutu yaliyopangana, mekundu juu na meusi chini, mazito kiasi cha kuingiza ncha ya wembe katikati yake. Kibao kilikuwa kimesukumwa kutoka ndani, taratibu, hadi mbao ikashindwa. Gundi ya aina yoyote isingekisaidia kisu kile kabla kutu haijakwanguliwa.

Chanzo cha tatu ni skrubu iliyokazwa kupita kiasi. Mtu anaona mpini unacheza, anachukua bisibisi, anakaza mpaka mkono unauma. Anasikia "tak", anadhani ni skrubu imekaa sawa.

Nisubiri uongezeke ndiyo nilete, au nishughulike sasa?

Sasa. Ufa mpya una kuta safi na pande mbili zinakutana barabara, kwa hiyo gundi kidogo inatosha. Ukiuacha, unaingia mafuta, chumvi, jasho, magamba ya samaki. Baada ya hapo kusafisha kunakula muda kuliko kugundisha.

Gundi ipi ni bora?

Inategemea upana wa ufa na hali ya mbao.

Kwa ufa mwembamba kabisa, supa glue nyepesi haina mpinzani. Tunasisitiza nyepesi, ile inayotiririka kama maji, kwa sababu inanyonywa na ufa wenyewe kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, inafika mahali ambapo sindano haifiki. Zile nzito za jeli zinabaki juu. Gundi hii ilikutwa na Harry Coover mwaka 1942 nchini Marekani na ikaanza kuuzwa mwaka 1958. Inaganda kwa kukutana na unyevu, na Dar es Salaam unyevu ni wa bure: hapa inashika haraka kuliko mtu anavyotarajia, kwa hiyo panga kila kitu kabla hujafungua kichupa. Udhaifu wake ni kwamba ikishaganda ni ngumu lakini haina unyumbufu, haipendi kugongwa, na joto kali huilegeza.

Epoksi, ile ya mirija miwili, tunaitumia ufa ukiwa na nafasi unayoiona wazi, au mbao ikiwa imepoteza kipande kidogo. Inajaza pengo, na haisumbuliwi na maji. Mirija mingi huchanganywa sawa kwa sawa, na hapo usikisie kwa macho, toa mistari miwili yenye urefu mmoja juu ya kipande cha kioo au bati. Ile ya dakika tano inavutia, lakini inayochukua saa 24 ndiyo yenye nguvu. Ikiwa nzito mno kuingia ndani, pasha mpini joto kidogo kwa draya ya nywele, nayo italainika na kuzama.

Gundi nyeupe ya mbao wanayotumia maseremala ni nzuri sana kwenye viti na meza. Kwenye mpini wa kisu hatuipendekezi, isipokuwa mbao ni safi na kisu hakitaoshwa mara kwa mara. Ina maji ndani yake, inataka kubanwa kwa nguvu, na haishiki kabisa kwenye mbao iliyokunywa mafuta.

Nifanyeje hatua kwa hatua?

Funga makali kwanza. Tunajua umeshasoma hilo hapo juu, lakini watu hukatwa wakiwa wanashughulika na mpini, si wakati wa kukata nyama.

Kama vibao vimeshikwa kwa skrubu, vitoe, maana kugundisha kutokea ndani kunaacha uso wa nje bila doa. Kama ni riveti na hazijalegea, ziache. Safisha ufa kama tunavyoeleza kwenye swali linalofuata, kisha acha mpini ukauke kivulini, siku nzima ikiwezekana. Paka vaselini kidogo kwenye riveti na kwenye chuma kilicho karibu ili gundi isishike huko. Usiiguse mbao kwa vaselini hata kidogo. Pande zote mbili za ufa bandika tepu ya karatasi, ubakize mstari wenyewe tu.

Pinda mpini kiasi cha kufanya ufa ufunguke kidogo. Mwenzako adondoshe tone moja la gundi kwenye ncha ya ufa. Subiri, utaliona linazama. Dondosha la pili mbele yake, na kuendelea mpaka mstari ukatae kunywa. Ukiwa peke yako, ncha ya wembe iliyoingizwa taratibu kwenye ufa inaweza kuushikilia wazi. Itoe kabla gundi haijaanza kushika.

Sasa achia mpini ujifunge na uubane. Jiliwa dogo lenye vipande vya mbao mdomoni linafaa. Tunachokiamini zaidi ni mpira wa tyubu ya baiskeli uliokatwa utepe: unauzungusha ukiuvuta, unabana kila upande kwa nguvu moja hata kama mpini umepinda, na gundi iliyovuja haiushiki sana. Kati ya mpira na mbao weka kipande cha nailoni. Supa glue iachie mpaka kesho yake hata kama imeonekana kushika baada ya dakika moja. Epoksi iachie saa zilizoandikwa, usizipunguze.

Kutoka hapo ni msasa. Anza na namba 240, nenda 320, malizia 400, kila mara ukifuata nyuzi na ukiwa umeuzungushia kijibao ili usichimbe shimo. Ukikuta bado kuna kijibonde, jaza vumbi la mbao ileile, dondosha supa glue juu yake, piga msasa tena.

Ufa wangu una mafuta ya miaka. Nausafishaje?

Asetoni, ile ya kutolea rangi za kucha isiyo na mafuta wala manukato. Ivute kwa bomba la sindano, ipitishe ndani ya ufa, futa kinachotoka, rudia hadi kitambaa kitoke bila rangi ya kahawia. Uchafu mgumu unautoa kwa uzi wa kusafishia meno au ukingo wa wembe. Asetoni inashika moto upesi na inaondoa vanishi, kwa hiyo jiko liwe mbali, madirisha wazi, na ujue uso wa mpini utahitaji kupakwa upya.

Maji ya sabuni hapana. Mbao itavimba, ufa utajifunga ukidhani umepona, utagundisha juu ya unyevu, na ukikauka unafunguka.

Gundi imenigandisha vidole. Na ule moshi unaouma macho ni hatari?

Usivute vidole kwa nguvu, ngozi itachanika. Viloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni huku ukivibingirisha taratibu, vitaachia. Ikiingia jichoni, suuza kwa maji mengi na uende hospitali. Usijaribu kulifungua jicho kwa lazima.

Moshi unawasha macho na pua, fanyia kazi mahali penye upepo na usiinamie kazi yako. Jambo ambalo wachache wanalijua: supa glue ikikutana na pamba inachemka. Glavu za pamba au kitambaa cha pamba kilicholowana gundi kinaweza kuunguza ngozi. Watoto wakae mbali na kichupa.

Nimeziba vizuri lakini pamebaki weupe pembeni ya mstari.

Huo ni mvuke wa gundi uliotua juu ya mbao, na hewa yenye unyevu huuzidisha. Msasa namba 400 na mafuta kidogo vinauondoa. Ama mstari wenyewe, ukubali kwamba huenda ukaonekana kama uzi mweusi. Kwenye mninga unaonekana zaidi, kwenye mpingo unapotea kabisa. Sisi tunauona kuwa alama halali ya kazi iliyofanyika, na hatumwahidi mteja kwamba atarudishiwa kisu kipya.

Mpini wangu ni wa mpingo. Je, kuna tofauti?

Ipo, na ni kubwa. Mpingo ni mzito kuliko maji, ukiutupa ndooni unazama. Nyuzi zake zimebanana na zina mafuta yake yenyewe, kwa hiyo gundi haina pa kuingia isipokuwa kwenye ufa wenyewe. Futa kuta za ufa kwa asetoni na ugundishe mara inapokauka, usilale nayo, kwa sababu mafuta ya mbao yanarudi juu. Mpingo ndio unaotengenezewa klarineti na oboe huko Ulaya, na mafundi wa ala hizo wanapambana na ufa uleule kwa supa glue na vumbi la mpingo. Ni njia inayotegemewa kwenye vitu vya gharama kubwa, basi usione aibu kuitumia kwenye kisu.

Unauliza pia kwa nini vinyago vipya na mipini mipya ya mpingo hupasuka ndani ya miezi michache. Ni kwa sababu unakauka polepole mno: uso umekauka, moyo bado mbichi. Pale ulipoipata mbao, uliza ilikatwa lini. Na ukipiga msasa vaa barakoa, vumbi lake linawasha ngozi na linasumbua kifua. Vumbi la mninga vilevile, kwa baadhi ya watu.

Kisu kilikuwa kizima Dar, nimehamia Dodoma kimepasuka.

Hewa ya Dodoma ni kavu. Mbao iliyozoea pwani imetoa unyevu wake, imenywea, na chuma kimekataa kuifuata. Hutokea pia hapahapa mjini kwa visu na vinyago vinavyokaa ofisini chini ya kiyoyozi mwaka mzima. Usigundishe wiki ya kwanza. Acha kikae huko mwezi mmoja au miwili kizoee, ufa utafika ulipotaka kufika, ndipo uuzibe. Ukizibwa Dodoma kisha kisu kirudi Dar, mbao itavimba na kuibana gundi, jambo ambalo halina madhara makubwa. Kinyume chake ndicho kibaya.

Vibao vya mbao vya mpini wa bastola navyo mnatengeneza?

Silaha hatupokei, hata ikiwa haina risasi, hata kama mwenyewe umesimama hapo. Silaha za moto nchini zina sheria yake ya mwaka 2015, na fundi wake ni yule aliyeruhusiwa. Mpelekee yeye ndiye avitoe na kuvirudisha vibao.

Kuhusu mbao yenyewe, habari ni ileile. Ufa huanzia kwenye tundu la skrubu, ama kwa kukazwa mno, ama kwa sababu kibao hakilali bapa juu ya chuma na kila mshtuko wa risasi unakigonga. Bastola za aina ya M1911 hubana vibao vyake kwa skrubu nne, mbili kila upande, na mtu akikaza moja mpaka mwisho kabla ya kugusa nyingine anaipinda mbao. Ufa unazibwa kutokea upande wa ndani, sehemu iliyoinuka inapunguzwa kwa msasa mpaka kibao kilale chenyewe bila kulazimishwa, na skrubu inakazwa hadi inapogusa tu. Mafuta ya silaha yaliyozama ndani ya mbao ni adui mkubwa wa gundi, hivyo kazi ya asetoni huko huwa ndefu.

Mpini wa nyundo, shoka au jembe?

Usigundishe. Badilisha. Kichwa cha shoka kikichomoka hewani hakichagui wa kumpiga.

Mwiko na ubao wa kukatia?

Mwiko nunua mwingine. Ubao mnene unaweza kuzibwa kwa epoksi, lakini ukiwa umepasuka mpaka upande wa pili utumie kwa vitunguu na mikate, nyama mbichi usiweke.

Kisu kilichogundishwa ni salama kwa chakula?

Ufa ulio wazi ndio wa kuogopa, kwa sababu unatunza maji na mabaki ya nyama mahali sifongo haifiki. Gundi iliyoganda kabisa kwenye mpini haigusi chakula. Kinachotakiwa ni kuipa muda wake, usiwahi kurudi nacho jikoni jioni ileile. Mama lishe mmoja wa Buguruni alituomba tukitoe kisu chake siku hiyohiyo kwa kuwa ndicho pekee alichonacho. Tulimwazima kingine. Tunawashauri mafundi wenzetu wafanye hivyo kuliko kutoa kazi mbichi.

Nipake mafuta gani baada ya kuziba?

Mafuta ya kitani ya kupakia mbao, yale yanayokauka. Paka kidogo kwa kitambaa, subiri dakika kumi na tano, futa yote yaliyobaki juu, acha mpaka kesho, rudia mara mbili au tatu. Mafuta ya nazi na ya alizeti ya kupikia watu wengi huyatumia kwa kuwa yapo jikoni. Ya nazi hayakauki, na ya kupikia yanaoza yakawa na harufu na kunata. Kama huna ya kitani, parafini nyeupe ya duka la dawa inafaa, ila ujue nayo haikauki, utairudia kila baada ya wiki chache.

Kile kitambaa chenye mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa kwenye kona. Mafuta hayo yakikauka hutoa joto, na kitambaa kilichokunjwa kinaweza kuwaka chenyewe bila kiberiti. Kitandaze nje kikauke kabisa, au kiloweke kwenye maji kabla ya kukitupa. Karakana za mbao zimeungua kwa jambo hili.

Ni lini mnakataa kuziba na kusema mpini mpya?

Ufa ukipita kwenye riveti mbili kwa mstari mmoja. Ufa ukikata nyuzi. Mbao ikiwa laini ukiibonyeza kwa ukucha, maana hiyo imeshaoza. Na kisu kikishazibwa mara mbili mahali palepale. Katika hali hizo tunatoa mbao yote, tunakwangua kutu mpaka chuma king'ae, tunaweka mninga mkavu. Mninga hauchezi sana kwa unyevu, ndiyo maana tunaupenda kuliko mbao ngumu zaidi. Matundu ya riveti tunayatoboa mapana kidogo kuliko riveti zenyewe, ili mbao ipate pa kusogea masika yakifika.

Ukija na kisu, usikioshe asubuhi hiyo. Kije kikavu, makali yakiwa yamefungwa kwa boksi. Na kama umeshajaribu gundi yoyote nyumbani, tutajie ni ipi.